Magnesiamu, kalsiamu, soksi za kubana au leso? Kipi kinatuliza mguu unaokaza usiku wakati wa mimba

Ingia kemisti yoyote kati ya Kondele na stendi kuu ya Kisumu, sema mimba ina miezi saba na mguu unakukaza usiku, na karibu hakika utatoka na kimoja kati ya hivi: bahasha ndogo ya kalsiamu laktati, chupa ya magnesiamu, tyubu ya dawa ya kuchua, au jozi ya soksi za kubana ikiwa zipo kabatini. Nakuru mjini mambo ni hayo hayo. Mazungumzo yenyewe huwa mafupi. "Daktari, huu mguu unanivuta usiku." "Shika hizi, mama, mbili asubuhi, mbili mchana, mbili jioni." Basi. Hakuna anayeuliza ni mguu mmoja au yote miwili, wala kama umevimba, wala unatumia dawa gani nyingine. Ndiyo sababu tumeona tuvipitie vitu hivi kimoja kimoja.

Hukumu yetu ni hii. Kinachotuliza haraka kuliko vyote hakiuzwi kemisti, ni leso uliyonayo nyumbani. Kati ya vinavyouzwa, magnesiamu ndiyo tunayoweza kusema ijaribu, kwa wiki nne, ukijua kusoma kibandiko chake. Kalsiamu ina kazi kubwa katika mimba, lakini kwa mkazo wa mguu haijajionyesha. Soksi ni za miguu inayovimba. Na tyubu usiipake kabla hujajua kilichomo.

Kwanza tujue kinachokaza. Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa, mmoja wa juu na mwingine chini yake, na yote miwili hushuka na kuungana kwenye kano nene ya kisigino. Ukilala huku vidole vimeelekea chini, misuli hiyo inakuwa imejikunja, imefupika. Ukijinyoosha kidogo usingizini na kusukuma vidole chini zaidi, msuli ambao tayari ni mfupi unaambiwa ujivute tena, na hapo ndipo unapojifunga kama fundo. Katika mimba, hasa miezi mitatu ya mwisho, mambo kadhaa hukutana. Mfuko wa uzazi unabana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, uzito umeongezeka, na mtoto anachukua madini kutoka kwa mama ili ajenge mifupa yake. Watafiti hawajakubaliana ni lipi kati ya hayo ndilo chanzo, na huenda chanzo si kimoja kwa kila mama.

Kuna pia ya mahali na ya kazi. Nakuru iko juu ya mita 1,800, usiku ni baridi, na mablanketi mawili mazito yaliyochomekwa chini ya godoro yanakandamiza vidole kuelekea chini usiku kucha. Yachomoe upande wa miguuni, yaache yaning'inie. Haigharimu kitu, na wengine hupata nafuu kwa hilo peke yake. Kisumu shida ni jasho: mama anayeshinda juani soko la Kibuye akiuza mboga, akaepuka kunywa maji kwa sababu choo kiko mbali, anafika kitandani mwili ukiwa mkavu. Wanaosimama kutwa kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, na wanaokaa saa nyingi kwenye kigoda kifupi magoti yamekunjwa, wote wanalaza misuli iliyochoka au iliyofupika.

Sasa leso. Ikunje kwa urefu mpaka ibaki na upana wa kiganja, na iweke chini ya mto kila usiku, kwa sababu mkazo hautakupa nafasi ya kuitafuta. Mguu ukikaza, keti, nyoosha goti kabisa, pitisha leso chini ya wayo karibu na vidole, pale palipo na nyama ngumu, si katikati ya wayo wala kwenye vidole vyenyewe. Shika ncha zote mbili na uvute kuelekea kifuani polepole, bila kushtua, mpaka uhisi shavu la mguu likivutika. Kaa hapo sekunde 30, hata kama mwanzoni inauma. Legeza taratibu, kisha rudia mara mbili au tatu. Fundo likishalegea ndipo uchue kwa mkono, ukipandisha kutoka kisiginoni kuelekea goti, halafu usimame na kutembea hatua chache kisigino kikigusa sakafu.

Makosa ni yale yale kila mara. La kwanza ni kukunja goti. Ule msuli wa juu umeanzia juu ya goti, kwa hiyo goti likikunjwa unabaki umelegea upande mmoja na leso inavuta wa chini peke yake. La pili ni kuvuta vidole tu. Vitauma vyenyewe na shavu la mguu lisipate kitu. La tatu, na ndilo baya zaidi, ni kujinyoosha kwa kusukuma vidole chini, ambalo mwili hulifanya wenyewe kwa mshtuko; hilo linaongeza mkazo. La nne ni kuanza kuchua kwa nguvu wakati msuli bado umefunga. Vuta kwanza, uchue baadaye.

Kama tumbo ni kubwa na kuketi haraka hakuwezekani, mwenzio anaweza kusaidia: ashike kisigino chako kiganjani, wayo wako ulale kwenye mkono wake kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, mkono wake mwingine uzuie goti lisikunjike, halafu aegemee mbele kwa uzito wa mwili wake. Mume aliyeonyeshwa mara moja mchana, taa ikiwaka, hufanya hivyo vizuri usiku. Asiyeonyeshwa hushtuka na kuvuta vidole kwa ghafla. Ukiwa peke yako, shuka kitandani, weka mguu wote sakafuni na uegemee ukuta. Tahadhari na sakafu ya simenti iliyolowa na utelezi wa kandambili.

Hayo ni ya kuutuliza mkazo uliokwisha kufika. Ili kuuzuia usije, fanya zoezi la ukuta kabla ya kulala. Simama mbali na ukuta kwa urefu wa mkono, weka viganja ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma goti likiwa limenyooka na kisigino kikiwa chini, kunja goti la mbele, egemea. Sekunde 30, kisha ubadilishe mguu. Mara tatu kila upande. Kisigino cha nyuma kikiinuka hata kidogo, zoezi limekwisha kazi. Sogea karibu na ukuta badala ya kulazimisha. Utafiti wa Uholanzi wa 2012 ulionyesha kuwa watu wa zaidi ya miaka 55 waliojinyoosha hivi kila usiku kwa wiki sita walipungukiwa na mikazo. Hao hawakuwa wajawazito, kwa hiyo hatuwezi kudai matokeo yatakuwa yale yale. Lakini ni zoezi lisilo na gharama na halina dawa ya kumfikia mtoto, nasi tungelianza kabla ya kufungua pochi.

Magnesiamu ndipo pesa nyingi hupotelea, na mara nyingi hupotea kwa sababu ya namba moja kwenye chupa. Miligramu 500 zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele zinaweza kuwa uzito wa chumvi nzima, yaani magnesiamu pamoja na kile ilichoungana nacho, si wa magnesiamu iliyo ndani. Oksidi ya magnesiamu ni magnesiamu kwa asilimia 60 hivi, kwa hiyo miligramu 500 zake zina kama 300. Sitrati ni asilimia 16 hivi: miligramu 500 zinabeba kama 80. Glisinati ni karibu asilimia 14: kama 70. Geuza chupa, tafuta jedwali dogo la nyuma, na usome kiasi cha magnesiamu yenyewe kwa kila kidonge. Jedwali lisipoonyesha, mwombe mfamasia akuhesabie. Akishindwa, rudisha chupa kabatini.

Kwa hesabu hiyo mtu angesema oksidi ndiyo nafuu, na kwa bei ndivyo ilivyo. Tatizo ni kwamba utumbo hufyonza kidogo tu kati ya hiyo, na inayobaki huvuta maji na kukuharisha. Oksidi ni jamaa wa karibu wa zile dawa nyeupe za kiungulia na za kulainisha choo, na tumbo linaitambua hivyo. Sitrati na glisinati hufyonzwa vizuri zaidi. Kwa mjamzito mwenye choo kigumu, sitrati inaweza kusaidia mambo mawili kwa pamoja. Kwa mwenye tumbo jepesi, glisinati ni laini zaidi. Kulinganisha bei, zidisha idadi ya vidonge kwa miligramu za magnesiamu yenyewe, kisha ugawe bei kwa jibu. Tuseme chupa mbili zote ni shilingi 1,200 kwa vidonge 60, moja ina miligramu 100 kwa kidonge na nyingine 50. Ya pili ni ghali mara mbili, hata kama chupa yake ni kubwa na ina picha ya mama anayetabasamu.

Je, inafanya kazi? Utafiti wa Thailand uliwapa wajawazito miligramu 300 za magnesiamu kwa siku, zikigawanywa mara tatu, kwa wiki nne. Asilimia 86 ya walioimeza walipungukiwa na mikazo kwa nusu au zaidi. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 60. Utafiti wa Norway wa 2008 ulitumia miligramu 360 kwa wiki mbili na haukuona tofauti. Uchambuzi wa 2020 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya tafiti zilizopo, ukasema ushahidi bado unapingana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016 wa huduma za wajawazito, linaruhusu magnesiamu, kalsiamu au njia zisizo za dawa, kulingana na anachopendelea mama na kinachopatikana. Itazame tena ile asilimia 60. Wengi hupata nafuu bila dawa yoyote, kwa hiyo usishawishike haraka na jirani anayesema chupa fulani ilimponya kwa siku tatu.

Ukiamua kuijaribu, mwambie muuguzi wa kliniki kwanza. Kaa chini ya miligramu 350 za magnesiamu yenyewe kwa siku kutoka kwenye vidonge. Chakula hakihesabiwi humo. Meza pamoja na chakula, ugawe kwa siku, dozi moja iwe ya jioni. Choo kikiwa maji, punguza. Wiki nne zikipita bila mabadiliko, acha, usinunue chupa ya pili. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse kabisa, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa mwilini. Vile vidonge vinavyoyeyuka kwa povu ndani ya maji vinanyweka vizuri, lakini vingi hubeba sodiamu, na mama ambaye presha yake inafuatiliwa ana sababu ya kuviacha. Angalia pia vile vya mchanganyiko vyenye vitamini nyingi: ikiwa kuna vitamini A ya aina ya retinoli, na unameza pia vingine vya wajawazito, kiasi kinaweza kupita kile kilicho salama kwa mtoto.

Kalsiamu laktati ya miligramu 300, ile inayouzwa kwa hesabu kwenye bahasha, ndiyo rahisi kupata na ndiyo inayotuudhi zaidi. Ni kalsiamu kwa asilimia 13 tu. Kidonge kimoja kina kama miligramu 39. Mbili mara tatu kwa siku hazifiki 240, na kikombe kimoja cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300. Mama anameza vidonge sita na kupata chini ya kikombe cha mala. Zile za kabonati ni nzito zaidi: miligramu 1,250 za kabonati zina 500 za kalsiamu. Lakini hata dozi kubwa haijathibitika kwa mkazo wa mguu. Utafiti wa Sweden wa 1987 uliilinganisha na vitamini C na haukuona tofauti ya maana. Sababu ya kweli ya kumeza kalsiamu ni nyingine. Kwa wanawake wasiopata kalsiamu ya kutosha katika chakula, Shirika la Afya Duniani hupendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba na presha inayokitangulia. Hiyo ni dozi ya kupangiwa kliniki, si ya kubahatisha dirishani.

Na hapa kuna jambo ambalo muuzaji husahau. Zile tembe za kuongeza damu zinazotolewa bure kliniki, zenye miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, hazipatani na kalsiamu tumboni, na magnesiamu pia huweza kuzuia chuma kisifyonzwe. Ukizimeza pamoja umezipoteza. Achanisha kwa saa mbili au zaidi. Njia rahisi ni tembe ya damu asubuhi na mapema au katikati ya siku, pamoja na chungwa au maji ya limau, si na chai, halafu kalsiamu au magnesiamu na mlo wa jioni.

Kabla ya kemisti kuna soko, na hili tunalisema kwa moyo wote kwa sababu kanda hii imejaliwa. Omena inaliwa pamoja na mifupa yake, na mifupa ndiyo kalsiamu. Unga wa wimbi una kalsiamu nyingi kuliko unga wowote wa nafaka unaouzwa hapa, na una magnesiamu pia; uji wake wa jioni uliochanganywa na maziwa ni mlo tosha. Osuga, ambayo Nakuru ni managu, dodo ambayo wengine huiita terere, mbegu za maboga, simsim, njugu, maharagwe: zote zina magnesiamu. Mboga za kienyeji zipikwe kwa muda mfupi, na mchuzi usimwagwe, maana sehemu ya madini hubaki humo. Kilicho kinyume kabisa, na kinauzwa meza ya jirani, ni odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito hutafuna. Watu husema yanaongeza madini. Yanaweza kushika chuma tumboni kisiingie kwenye damu, na yanaweza kubeba madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vijidudu. Hamu ikiwa kali, usione aibu, mwambie muuguzi. Mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu.

Soksi za kubana hazitatuchukua muda. Zinasaidia miguu iliyochoka na kuvimba kwa kusimama, na mishipa iliyojitokeza. Kwa mkazo wa usiku hazina ushahidi wa kutosha, na usiku huvuliwa. Ukizinunua, chagua zilizoandikwa kiasi cha mgandamizo kwa milimita za zebaki, 15 hadi 20 kwa kuanzia, na upimwe kifundo cha mguu na shavu asubuhi kabla miguu haijajaa. Dukani wengi huuza kwa saizi ya kiatu. Soksi ya saizi isiyo yako, au iliyojiviringisha juu, inakata mguu kama kamba na kuzuia damu badala ya kuipandisha. Chupa ya maji moto ya raba ni ununuzi mzuri kuliko soksi kwa tatizo hili: maji yasiyochemka, taulo katikati, dakika 15 kwenye shavu la mguu baada ya mkazo kulegea, na usiiweke tumboni.

Dawa za kuchua ndizo zinazotutia wasiwasi. Nyingi zenye harufu kali zina methili salisilati, jamaa wa aspirini, na nyingine zina diklofenaki, dawa ya maumivu. Joto lake ni la ngozi zaidi kuliko la msuli. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni havifai kuanzia wiki ya 20 bila amri ya daktari, kwa sababu vinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na baadaye kufunga mapema mshipa wa damu ambao mtoto anautegemea kabla ya kuzaliwa. Kupaka huingiza kidogo kuliko kumeza, lakini kupaka kila usiku kwa wiki kadhaa hatukupendekezi wakati mafuta ya kawaida ya kupikia na mkono wa mtu yanatosha.

Kwinini usiikubali, hata akikushauri mtu mzima unayemheshimu. Zamani ilitumika kwa mikazo ya miguu, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2006 na tena 2010 kwamba hatari zake kwa moyo na damu hazilingani na faida hiyo. Yale maji machungu ya chupa yanayoitwa toniki yana kwinini kidogo pia.

Limebaki moja, ambalo hakuna chupa wala leso inayolitibu. Mkazo wa kawaida huja ghafla, hudumu sekunde hadi dakika chache, na huacha msuli ukiuma kidogo asubuhi. Maumivu yasiyoachia, kwenye mguu mmoja, hasa wa kushoto, ukiwa umevimba, una joto, au umebadilika rangi, yanaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Mimba huongeza hatari hiyo. Chukua uzi, zungushia shavu la kila mguu upana wa kiganja chini ya goti, na ulinganishe. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, lakini hata uzi ukilingana, dalili nyingine zikiwepo, nenda. Usiuchue mguu huo, usiufunge, usiukande. Ukianza kukosa pumzi au kifua kuchoma, ni dharura. Vivyo hivyo uso na mikono ikivimba pamoja na kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, hiyo inaweza kuwa presha ya mimba. Kisumu nenda hospitali ya Jaramogi, ambayo wazee bado huiita Russia. Nakuru, hospitali ya rufaa ya kaunti. Kakamega, hospitali kuu ya kaunti. Au kituo kilicho karibu zaidi chenye maabara na daktari. Beba kijitabu chako cha kliniki na chupa za kila ulichokuwa ukimeza, hata zile zilizokwisha, ili daktari asome vibandiko mwenyewe.